MIFUGO YETU NYUMBANI: Je, mwezi unamchanganya njiwa?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya sungura na majani ambayo hatakiwi kula, na tukaahidi kwamba toleo hili litakuwa la kuku wa mayai. Kuku watatusamehe. Yametokea mambo mawili hapa kambini, yote yanahusu njiwa na yote yamesingiziwa mwezi, tukaona si vizuri kuyanyamazia.

Jambo la kwanza ni ugomvi. Baba mmoja wa bloki za juu, mfugaji wa njiwa tangu alipokuwa kwao kando ya Ziwa Tanganyika, aliuza jozi tatu kwa mama mmoja wa bloki za chini, ng'ambo ya kijito. Pesa ilipokelewa, na ikatumika siku ileile: madaftari, sabuni, na viatu vya mtoto anayeingia darasa jipya. Mama akawafungia njiwa wake siku nne, akawapa mtama na maji, siku ya tano akawafungulia. Wakapanda juu, wakazunguka mara mbili, wakavuka kijito. Jioni wote sita walikuwa juu ya paa la yule baba, wanajipangusa manyoya kama watu waliorudi kutoka sokoni. Mama akaenda kuwachukua, akawafungia wiki nzima, akafungua. Yaleyale! Mara ya tatu hakwenda kuchukua njiwa, alikwenda kudai pesa. Tena alikwenda na neno zito: kwamba aliuziwa njiwa makusudi siku za mwezi mpevu, kwa sababu njiwa wa mwezi mpevu hashiki nyumba mpya, na muuzaji alilijua hilo. Baba naye akajibu kwamba alimwambia wazi, afunge mpaka mwezi uishe, lakini hakusikia. Maneno yakafika kwa wazee wa bloki, na yalipofika huko watu wengine wakaanza kutaja vijiji na makabila, ambayo wala hayakuwa na mbawa katika kesi hiyo. Sote tunajua mambo ya namna hiyo yanavyoweza kwisha.

Jambo la pili lilitugusa sisi wenyewe, maana mmoja wetu ni mzazi wa kijana aliyehusika. Vijana watatu walisikia kwamba njiwa akifundishwa kwenye mbalamwezi anakuwa hodari, anaweza kurudi hata usiku. Basi wakaweka njiwa wanne kwenye kikapu, wakangoja watu walale, wakatoka nje ya mpaka wa kambi mpaka kule kwenye miti mikubwa. Walipatikana karibu saa saba ya usiku na watu wa ulinzi wa jamii. Mama alikuwa amezunguka bloki nzima akiita jina la mtoto kwa sauti ya chini, kwa sababu hakutaka kuamsha watu, na kwa sababu aliogopa kujibiwa. Tunamshukuru Mungu walirudi wazima. Njiwa je? Usiku ule hakurudi hata mmoja. Asubuhi walikuja wawili. Wa tatu alikuja baada ya siku tatu, mkia umenyofoka nusu. Wa nne hatujamwona mpaka leo.

Kwa hiyo tuliulizana: hii habari ya mwezi na njiwa ni kweli, au ni maneno tu? Tumewauliza wazee wanaofuga, tumesoma tulichoweza kupata, na tunaandika hapa tulivyoelewa.

Kwanza tusiwacheke wanaoamini. Wengi wetu tumetoka Uvira, Baraka, Fizi, na ng'ambo yake Rumonge na Nyanza-Lac, na tunajua ziwa. Mvuvi wa ndagala anatoka usiku na taa. Usiku wa giza samaki wanaikimbilia taa, wavu unajaa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga uko kila mahali, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Hapo mwezi unaamua kama nyumba itakula au haitakula, na hakuna anayesema ni uchawi. Mtu aliyekulia kwenye maisha hayo akija akasema mwezi unamgusa na njiwa, ana haki ya kusikilizwa.

Lakini angalieni jambo moja. Kwa ndagala tunajua sababu, ni mwanga. Mwezi haumwambii samaki kitu, unaizima taa ya mvuvi tu. Sasa kwa njiwa tuulize vilevile: mwezi unapitia mlango gani mpaka umfikie? Ili kujibu ni lazima tujue kwanza njiwa anaionaje njia ya nyumbani.

Huko Ubelgiji, na Uholanzi, Ujerumani na Uingereza, watu wamefanya njiwa kuwa mchezo wa mashindano tangu miaka ya 1800. Njiwa wanapelekwa mbali kwa gari wakiwa kwenye vikapu, wanaachiliwa wote pamoja, na kila mmoja anarudi kwake. Mwenye njiwa anahesabu umbali na saa, na aliyekwenda kwa mwendo mkubwa zaidi ndiye mshindi. Kuna mashindano maarufu yanayoanzia Barcelona, Hispania, mwanzoni mwa mwezi wa saba, ambapo njiwa zaidi ya elfu kumi wanaachiliwa, na wengi wao wana zaidi ya kilomita 1,000 mbele yao. Msidhani ni mchezo wa maskini. Mwaka 2020 njike mmoja wa Ubelgiji aitwaye New Kim aliuzwa kwenye mnada kwa euro milioni 1.6. Njiwa mmoja! Mzee mmoja tulipomsomea habari hiyo alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama huyo njiwa anataga mayai mawili kama wa kwake. Ndiyo mzee, mawili.

Kwa sababu ya mchezo huo, na kwa sababu majeshi yalitumia njiwa kupeleka barua, wataalamu wamemchunguza ndege huyu kuliko wengi. Na walichokuta ni kwamba hana njia moja tu, anazo kadhaa, na ikikosekana moja anashika nyingine.

Kubwa ni jua. Njiwa analiangalia jua na anajua ni saa ngapi ndani ya mwili wake, akiunganisha hayo mawili anapata upande. Walilithibitisha hivi: waliwafungia njiwa kwenye chumba chenye taa, wakaziwasha na kuzizima saa sita kabla ya wakati wake, siku kadhaa mfululizo, mpaka mwili wa njiwa ukazoea saa ya uongo. Walipoachiliwa mchana wa jua, njiwa walielekea pembeni, karibu robo nzima ya duara kutoka upande wa nyumbani. Lakini njiwa hao hao wakiachiliwa siku ya mawingu mazito, jua halionekani, walielekea sawa! Maana yake jua lisipokuwepo wana dira nyingine.

Hiyo nyingine ni sumaku ya dunia, ileile inayogeuza sindano ya dira. Profesa mmoja wa Marekani, William Keeton wa Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1971 alitoa habari kwamba alifunga vipande vidogo vya sumaku mgongoni kwa njiwa. Siku ya jua walikwenda bila shida. Siku ya mawingu wale wenye sumaku walichanganyikiwa. Huko Italia, mjini Pisa, Floriano Papi na wenzake walionyesha miaka hiyo hiyo ya 1970 kwamba na pua inafanya kazi: njiwa anajifunza harufu zinazoletwa na upepo kwenye kibanda chake, na zinamsaidia kujua yuko wapi. Kisha yako macho. Mwaka 2004 watafiti walitoa matokeo ya njiwa waliobebeshwa vifaa vidogo vya GPS karibu na Roma, ikaonekana njiwa wanaozoea eneo wanafuata barabara kuu, hata kona zake. Watoto wetu wanasema njiwa wa hapa wanafuata barabara ya malori ya chakula. Hatukubishi, maana hata sisi tunaifuata kwa macho siku zikikaribia za mgawo.

Sasa mwezi uko wapi katika yote hayo? Jua ni la mchana. Harufu ni ya upepo. Barabara iko chini. Mwanga wa mwezi mpevu, jua linauzidi karibu mara laki nne, na mchana njiwa hana haja nao. Ukimwachilia saa tatu asubuhi na akafika saa nne, mwezi uwe mpevu, uwe umekufa, taa yake haikuwa na kazi.

Hata hivyo tusifunge mlango haraka. Keeton yule yule, pamoja na mwenzake Larkin, mwaka 1978 walichapisha jambo la kushangaza. Walikuwa wanaachilia njiwa mahali pale pale siku baada ya siku, na wanaandika njiwa alielekea upande gani wakati anapotea machoni. Upande huo haukuwa uleule kila siku, ulikuwa unacheza kidogo, huku na huku. Walipopanga siku hizo kwa kufuata mwezi, walikuta kama kuna mpangilio, yaani kuchezacheza kule kulionekana kwenda pamoja na mzunguko wa mwezi. Wao wenyewe waliandika kwa tahadhari kwamba inaonekana hivyo.

Hapa wengi wanaposikia wanaruka: si mmeona, hata wazungu wamesema! Polepole ndugu. Walichopima ni pembe ya kuondokea. Mtu akitoka nyumbani kwenda sokoni, leo anapita nyuma ya kisima, kesho mbele yake, sokoni anafika tu. Kuelekea kidogo pembeni mwanzoni si kupotea. Kama mwezi unamgusa njiwa kwa njia hiyo, unamgusa kwa kidole, haumsukumi. Hakuna mahali waliposema kwamba njiwa hurudi wengi mwezi ukiwa hivi na wachache ukiwa vile.

Tena wenye mashindano wenyewe wanatufundisha kitu bila kusema. Huko kuna watu wanaoweka pesa nyingi kwa ndege mmoja, na wapo wanaoangalia kalenda ya mwezi kabla ya kuunganisha dume na jike. Lakini ratiba ya mashindano yao, kuanzia majira ya kuchipua mpaka mwezi wa tisa, inapangwa kwa wikiendi, watu wakiwa wamepumzika kazi. Anayesimamia kuwaachilia njiwa anatazama mawingu, ukungu, mvua na upepo njiani. Hali ya hewa ikiwa mbaya, njiwa wanangoja kwenye vikapu mpaka kesho yake, hata kesho kutwa. Na yale ya Barcelona yanafanyika kila mwaka kipindi hicho hicho, wakati mwezi wa angani hausimami kipindi hicho hicho. Ndugu zetu Waislamu wanalijua vizuri jambo hili, kwamba miezi kumi na miwili ya kuandama ni siku 354, ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Kwa hiyo mashindano hayo yameshafanyika mwezi ukiwa mchanga, ukiwa nusu, ukiwa mpevu, ukiwa haupo kabisa, na njiwa wameendelea kurudi.

Msiba mkubwa wa njiwa nao unajulikana. Tarehe 29 Juni 1997, chama cha mashindano cha Uingereza kilikuwa kinaadhimisha miaka 100. Njiwa zaidi ya elfu sitini waliachiliwa Nantes, Ufaransa, wavuke bahari warudi Uingereza. Maelfu kwa maelfu hawakuonekana tena. Mtaalamu mmoja wa miamba wa Marekani, Jonathan Hagstrum, baadaye alitoa wazo kwamba ndege ya abiria ya Concorde, iliyokuwa inakwenda kasi kupita sauti, ilipita kwenye njia yao asubuhi ile, na mshindo wake ukawavuruga, maana yeye anaona njiwa wanasikia sauti nzito za chini sana ambazo sisi hatuzisikii. Ni wazo lake, na wengine wanalipinga. Sisi tulihesabu tu mwezi wa siku ile. Ulikuwa umeshapita robo ya mwisho, mwembamba, unakwenda kufa. Mwezi mpevu hauna hatia hapo.

Sasa turudi kwa wale vijana wa usiku, maana hapo ndipo kuna ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaotoa watoto nje saa saba. Ni kweli njiwa anaweza kufundishwa kuruka usiku. Jeshi la Marekani lilikuwa na kituo cha njiwa huko Fort Monmouth, New Jersey, na walifaulu kupata njiwa wa usiku. Lakini ilikuwa kazi ya askari wenye mshahara wa kazi hiyo, wakiwafundisha ndege taratibu, hatua kwa hatua. Njiwa wa kawaida jua likizama analala. Hata kwenye mashindano marefu ya Ulaya, saa za usiku hutolewa kwenye hesabu, kwa sababu njiwa wengi wanatua mahali na kungoja kupambazuke. Ndivyo walivyofanya wale wawili waliorudi asubuhi: walikaa kwenye miti wanatetemeka, wakisubiri waone. Yule wa mkia uliokatika tunadhani alikutana na bundi au paka pori. Mbalamwezi haimwonyeshi njiwa peke yake, inamwonyesha na anayemtafuta.

Kijana wetu alipoulizwa kwa nini hakusema nyumbani, alijibu kwamba mchana hana nafasi, kuna shule, kuna maji, kuna kuni. Jibu hilo lilitunyamazisha kidogo, kwa sababu ni kweli. Tumekubaliana naye hivi: siku ya Jumamosi asubuhi, baada ya maji, njiwa wataachiliwa. Mara ya kwanza kutoka kwenye bomba la maji, pale pale karibu. Wakizoea, kutoka shuleni. Kisha kutoka uwanja wa mpira mwisho wa kambi, na hapo ndipo mwisho, hakuna kuvuka mpaka. Waachiliwe na njaa kidogo, nyumbani mtama unawangoja, na mtu awepo kupiga filimbi au kutikisa kopo lile lile kila siku. Siku ya ukungu au wingu la mvua waache. Hayo ndiyo mafunzo, hata hao wa Ubelgiji wanaanza hivyo hivyo, karibu kwanza, halafu wanaongeza.

Na kama vijana wanataka kujua habari ya mwezi kwa macho yao, tumewapa daftari. Kila wanapoachilia waandike tarehe, saa, mwezi ulivyokuwa, jua au wingu, upepo, njiwa wangapi walitoka, wangapi walirudi na saa ngapi. Waandike na siku ambayo hakuna kilichoharibika. Hapa ndipo sisi wazazi tunapokosea: njiwa akipotea mwezi ukiwa mpevu tunasema si unaona, akipotea usiku wa giza tunasema kunguru amekula, na mwezi mpevu ambao njiwa wote walirudi haukumbukwi na mtu. Mwezi unazunguka kwa siku ishirini na tisa na nusu, basi Jumamosi nne haziwezi kutosha kusema kitu. Waandike miezi mingi, hata mwaka. Hisabati yao ya shule itapata kazi.

Tumebakiza ugomvi. Mmoja wetu aliitwa kukaa na wazee, akaeleza haya mnayoyasoma. Njiwa waliouzwa walikuwa wakubwa, wameshazaa mara nyingi, na miaka yote wameruka juu ya paa la yule baba. Kutoka kwake mpaka kwa mama ni kama kilomita mbili. Kwa ndege anayeweza kwenda kilomita sitini na zaidi kwa saa moja, hizo ni dakika mbili tu! Ungemuuzia mwezi mchanga angerudi, ungemuuzia mwezi wa giza angerudi. Njiwa mkubwa aliyezoea kwake hauzwi kwa mtu wa kambi hiyo hiyo, labda anunuliwe wa kufungiwa siku zote, atage ndani, na watoto wake ndio waachiliwe.

Hapo mzee mmoja, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akasema: lakini hata baba yangu alikuwa anasema funga mpaka mwezi uishe, na njiwa walikuwa wanashika. Tulimwambia mzee kwamba baba yake hakukosea. Tuhesabu pamoja. Ukiunganisha jozi leo, jike atataga baada ya siku kama kumi hivi. Mayai yanalaliwa siku kumi na saba au kumi na nane. Jumlisha. Ni siku ishirini na nane, karibu mwezi mzima wa angani. Kwa hiyo mtu aliyefunga jozi mpaka mwezi uishe, siku anayofungua anakuta mayai yamepasuka au yanapasuka, na njiwa mwenye makinda kwenye kiota ana sababu ya kurudi pale. Wazee wetu hawakuwa na kalenda ukutani, mwezi ndio uliokuwa kalenda, na kazi ilifanywa na yale makinda. Mzee alitikisa kichwa, akatabasamu, akasema basi baba yake alikuwa anajua. Ndiyo, alijua. Ila na huo si uhakika. Kwa njiwa wakubwa wenye kwao pa karibu, hata wakiwa na makinda wapo watakaoondoka.

Njia ya salama ni kununua makinda. Kinda la wiki nne au tano, linalokula lenyewe lakini halijawahi kuruka nje, halina kwao pengine zaidi ya pale utakapolionyesha. Liweke kwenye kizimba cha waya au cha fito juu ya paa siku saba mpaka kumi, lione mlima, lione kisima, lione moshi wa jikoni kwako. Kisha lifungulie jioni, saa moja kabla ya giza, likiwa na njaa. Halitakwenda mbali. Na tafadhali, kibanda kisiwe ndani ya chumba wanacholala watoto, vumbi la manyoya na kinyesi si zuri kwa kifua. Zoa mara kwa mara, mwagia kidogo maji kabla ya kufagia.

Wazee waliamua hivi. Pesa ilishaliwa, haiwezi kurudi, na baba hakudanganya, ila hakueleza vya kutosha, kwa sababu kumwambia mgeni wa njiwa afunge mpaka mwezi uishe bila kumpa jozi kiota na majani ya kutagia ni kumpa nusu ya maneno. Njiwa sita wabaki kwa baba. Yeye atampa mama makinda sita, mawili mawili kila jozi inapoangua, na atamsaidia kutengeneza kizimba cha juu ya paa. Mama akauliza kama akipewa makinda mwezi ukiwa mpevu itakuwaje. Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka, lakini tuliona bado ana wasiwasi, na baba akasema kwa heshima kabisa: mama, nitakuletea mwezi ukiwa mchanga, ili roho yako itulie. Hatukuona sababu ya kumkatalia.

Mpaka tunaandika hivi, makinda manne yameshavuka kijito kwenye kikapu, yanashinda kwenye kizimba na yanaangalia paa za bloki za chini. Mawili ya mwisho bado manyoya ya mkia hayajatimia.

Toleo lijalo, Mungu akipenda, ni kuku wa mayai. Mwenye swali aandike au amtume mtoto anayejua kuandika, aweke kwenye sanduku letu pale mlangoni pa maktaba. Na aliyeokota njiwa wa kijivu mwenye uzi mwekundu mguuni, tafadhali amlete kwetu, kuna kijana anamsubiri.